Umelala Wapi?

Ndugu zangu wa mjini, mna ugonjwa mmoja: mnapenda kujisifia wingi. Niliwahi kukaa kijiweni Manzese, jamaa wakabishana saa nzima ni majiji gani makubwa Ulaya. Mmoja aliitetea Berlin kama vile ana kiwanja huko. Nikawaambia, Ujerumani nzima ina majiji manne tu yaliyovuka watu milioni moja: Berlin, Hamburg, München na Köln. Berlin yenyewe, kubwa kuliko yote, haijafika milioni nne. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu 5,383,728.

Kijiwe kikalipuka. Eti Bongo tumewafunga Wajerumani!

Mimi sikushangilia. Natoka Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, na najua hao watu wametoka wapi.

Kintinku ni stesheni ya Reli ya Kati, katikati ya Dodoma na Manyoni. Wajerumani hao hao ndio walioijenga reli hiyo, wakaanzia Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Imebeba mizigo mingi, lakini kwetu mzigo wake mkubwa ni vijana. Piga hesabu mwenyewe. Sensa ya 1967 iliikuta nchi ina watu kama milioni 12. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ni kama mara tano. Dar katika miaka hiyo hiyo imeongezeka zaidi ya mara kumi na tano. Kuzaana peke yake hakufiki huko. Waliojazia ni sisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 mimi nilikuwa nyumbani. Karani wa sensa alikuja na kishikwambi chake, kijana mwenye adabu, akamwamkia mama shikamoo.

"Mama, usiku wa kuamkia siku ya sensa walilala nani hapa?"

Mama akaanza kutaja watoto wake kwa vidole. Wa kwanza, yuko Mwanza. Wa pili na wa tatu, Dar. Wa nne, Dodoma. Karani akamkatiza taratibu: "Hao watahesabiwa huko huko walikolala, mama."

"Huko wamepanga," mama akasema. "Kwao ni hapa."

Karani hakuwa na kosa. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala, asije akaandikwa mara mbili. Basi mama, aliyezaa watoto sita, akaandikiwa watu watatu: yeye, mimi na mjukuu.

Mkoa mzima wa Singida ulipata watu 2,008,058, katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 49,000. Dar, yenye watu zaidi ya mara mbili ya hao, haizidi kilomita za mraba 1,400. Na msidhani ni namba za kujifurahisha. Zahanati, madarasa na walimu hupangwa kwa kuangalia idadi ya watu. Kila anayepanda treni anaondoka na kipande kidogo cha hoja ya kijiji chake.

Sisemi watu wasiende mjini. Hela ya dawa za mama inatoka huko, inakuja kwa simu. Jembe ndilo halitumwi kwa simu. Msimu wa kulima ukifika, mama anatafuta vibarua, na vibarua wenyewe nao wanaulizia nauli.

Kwa hiyo wewe unayeandika hadithi za jiji, ukitaja hizo milioni tano, kumbuka ndani yake kuna vitanda vitupu vya Kintinku.

Sensa zetu siku hizi huja kila baada ya miaka kumi. Ya 2032 ikifika, mama atakuwa na miaka themanini na mbili. Karani atabisha hodi na kuuliza swali lile lile. Kama nitakuwa nimelala Manzese, atajibu nani?