Dubai: Mji Uliojengwa Kabla Kisima Hakijakauka

Miji mingi mikubwa ya dunia ilizaliwa kando ya mto au katikati ya mashamba. Dubai haina mto wala ziwa, na mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifikii milimita 100. Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari huifanya hewa kuwa nzito hata mwenye miwani akitoka mlangoni vioo huingia ukungu. Maji ya kunywa na kutawadha hutolewa baharini na kuchujwa chumvi katika mitambo mikubwa ya Jebel Ali. Hata hivyo, wanaishi humo watu zaidi ya milioni 3. Rizki ni ya Mwenyezi Mungu (SW), lakini Yeye ameziwekea rizki sababu zake, nasi inatufaa tuzitazame sababu walizozishika watu wa mji huu.

Nilifika huko mwezi wa Julai, nikiwa nimetumwa na kamati ya msikiti wetu kuulizia bei za mazulia na vipaza sauti katika maduka ya Deira. Shughuli hiyo ilikwisha kwa siku mbili. Muda uliobaki niliutumia kutembea.

Mahali paliponigusa zaidi si penye minara ya vioo. Ni mtaa wa kale wa Al Fahidi, kando ya hori la bahari waliloliita Khor Dubai. Nyumba zake zina minara ya kunasa upepo, ambayo ilizipoza kabla ya umeme kuwapo. Ukiinua macho ndani ya vyumba utaona boriti. Jangwa halina miti ya kujengea, hivyo majahazi ya Ghuba yalikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, yakibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Hata upana wa vyumba vya nyumba za zamani ulifuata urefu wa boriti hizo. Basi msomaji wa pwani asidhani kuwa habari za Dubai ni za ugenini kabisa.

Lulu, kisha mafuta

Utajiri wa kwanza wa mji huo ulikuwa lulu. Wanaume walipiga mbizi miezi ya joto, wengi wao wakiwa wamefungwa na madeni kwa manahodha wao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wajapani walijaza soko kwa lulu za kufugwa, na mtikisiko wa uchumi wa dunia ukafuata. Riziki ya kizazi kizima ikakatika.

Pigo hilo halikusahaulika. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyetawala kuanzia mwaka 1958, alichimbua mchanga uliokuwa ukiziba hori ili majahazi yapite, tena kwa fedha za mkopo, maana mafuta yalikuwa bado hayajaonekana. Yalipogunduliwa mwaka 1966, hayakuwa mengi kama ya Abu Dhabi. Yeye akayageuza kuwa bandari: Bandari ya Rashid ikafunguliwa mwaka 1972, na Jebel Ali mwaka 1979. Mwaka 1985 likaanzishwa eneo huru la biashara la Jebel Ali, na mwaka huohuo Shirika la Ndege la Emirates. Leo mafuta ni sehemu ndogo sana ya uchumi wa Dubai. Mwenye kuisoma Surat Yusuf anaijua hekima hii: miaka ya neema ni ya kuweka akiba kwa ajili ya miaka ya dhiki.

Lakini mji huo una somo la pili, nalo ni chungu. Majengo mengi yalisimama juu ya mikopo, na Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World iliwaomba wadai wake wasubiri. Abu Dhabi ikaja na dola bilioni 10. Mnara mrefu kuliko yote duniani, wenye mita 828, ulipozinduliwa Januari 2010 ukaitwa Burj Khalifa, kwa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Nao ndio mji ambao mwaka 1975 uliasisi Benki ya Kiislamu ya Dubai, miongoni mwa benki za kwanza za biashara duniani kuendeshwa bila riba. Dawa iko nyumbani, na ugonjwa ukaingia pia.

Dini katikati ya joto

Ibada nayo imezingatia hali ya nchi. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walieleza kuwa wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wachelewe kufuturu kwa dakika 2, na walio juu ya ghorofa ya 150 kwa dakika 3, kwa kuwa wao hulionea jua baada ya walio chini kuliona limetua. Majira ya joto ya mwaka 2024, khutba na swala ya Ijumaa ziliagizwa zisizidi dakika 10, kuwahurumia wanaoswali nje juani. Fiqhi iliyo hai hutazama mazingira ya waumini.

Katika msikiti mdogo wa Deira nilioswalia Adhuhuri, safu yangu ilikuwa na Wapakistani, Wabengali, Mmisri na vijana wawili wa kwetu. Takriban watu tisa kati ya kumi mjini humo ni wageni, na mikono yao ndiyo iliyoujenga. Sheria hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Sheria hukataza pia mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Mmoja wa vijana wale aliniambia kuwa yake ilikuwa kwa mwajiri mwezi wa nne sasa, na kwamba mama yake aliuza shamba ili kumlipa wakala.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: kabla ya kuuza shamba, ombeni mkataba ulioandikwa, msomewe na mtu anayeuelewa, na kijana azijue haki zake kabla hajapanda ndege. Na kwa kamati zetu za misikiti: kodi ya milango ya maduka ya waqfu isiishie yote kwenye ankara ya umeme. Tukitenga sehemu kila mwezi kuwa mtaji wa vijana wenye ufundi, huenda baadhi yao wasilazimike kuondoka. Wabillahi tawfiq.