Barua kwa Binti wa Kaka Yangu, Kabla Hujakataa Nafasi Ile

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

 Huku sote wazima. Baba yako magoti bado yanamsumbua, lakini anakwenda sokoni mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Ujumbe wako wa sauti kutoka huko Toronto tumeusikiliza. Mimi nimeurudia, maana ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja, na mtu wa hivyo hujui umpe pole au umpe hongera.

Kama nimekuelewa vizuri, umepata nafasi katika tamthilia ya televisheni, ya kwanza tangu ufike, na nafasi yenyewe ni ya mama mkimbizi kutoka Afrika: mtoto mgongoni, maneno machache, machozi mengi. Umesema hukuvushwa Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama yako mwaka 1996, wala hukukulia kambi ya Nyarugusu kwenye foleni ya mgao, ili leo ulipwe kwa kuwaonyesha Wazungu jinsi mtu anavyosimama kwenye foleni ya mgao. Nilicheka, Mungu anisamehe. Una haki ya kusema hivyo. Lakini kabla hujawapigia simu kukataa, nisikilize kidogo. Kuna mwanamke wa Vietnam aliyetua katika mji huohuo unaokaa wewe, akiwa na hali ngumu kuliko yako, na habari zake nimezifuatilia kwa muda sasa.

Anaitwa Kiều Chinh. Alizaliwa Hanoi mwaka 1937, katika nyumba isiyokuwa na shida. Vita vya pili vya dunia vilimchukua mama yake angali mtoto mdogo: bomu liliangukia hospitali ambako mama alikuwa amejifungua, akafa pamoja na kichanga chake. Mwaka 1954 Wafaransa waliposhindwa Điện Biên Phủ, mkutano wa Geneva uliikata nchi vipande viwili, na watu wanaokaribia milioni moja wakahamia kusini. Baba yake alimpeleka binti uwanja wa ndege, akamkabidhi kwa familia ya rafiki yake, kisha akarudi kumtafuta mwanawe wa kiume aliyekuwa ametoweka. Akasema watamfuata. Sisi tuliovuka ziwa tunalijua hilo neno la "tangulieni, tutakuja." Hawakuonana tena. Yule mzee alifungwa na utawala wa kaskazini, akafariki mwaka 1978.

Saigon alilelewa na familia ile, akaja kuolewa na kijana wao. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1957, na kuanzia hapo akawa uso unaojulikana nchi nzima. Aliigiza filamu za nyumbani na za Wamarekani waliokuja kupiga picha huko. Mwaka 1965 alikuwa pamoja na Burt Reynolds katika Operation C.I.A. Alikuwa na kipindi chake cha mazungumzo kwenye televisheni. Baadaye akaunda kampuni yake mwenyewe ya filamu, na mwaka 1971 ikatoa filamu ya vita ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwigizaji mkuu. Nakutajia haya yote ili ujue alianguka kutoka wapi.

Aprili 1975 alikuwa Singapore akimalizia filamu. Akarudi Saigon, wakati wenye akili zao wanatafuta njia ya kutoka. Alipofanikiwa kuondoka tena, serikali iliyompa pasipoti ilikuwa inakufa, na pasipoti ya serikali inayokufa hakuna anayetaka kuigonga muhuri. Akatupwa uwanja mmoja hadi mwingine, mwisho akatua Toronto, ambako watoto wake walikuwa wanasoma. Saigon ikaanguka tarehe 30 mwezi huohuo.

Sasa mfikirie. Miaka karibu ishirini ya kazi, watu wanakuita barabarani kwa jina, halafu unapewa kazi ya kusafisha mabanda ya kuku. Aliifanya. Wewe unanilalamikia mashuka ya hoteli, na mimi sikulaumu, mashuka ya watu yanachosha. Lakini mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na jembe la Canada ndilo hilo mlilopewa nyote wawili.

Kitu ninachotaka ukitazame hapa ni simu. Alichukua kidogo alichokuwa nacho akaanza kuwapigia watu wa Hollywood aliowahi kufanya nao kazi au kukutana nao, enzi ambazo simu ya kwenda nchi nyingine ilikuwa inakula pesa kwelikweli. Wengi hawakupatikana. Unajua hali hiyo: bosi yuko safarini, acha ujumbe. Aliyeitikia ni Tippi Hedren, yule wa filamu ya The Birds ya Alfred Hitchcock, ambaye miaka ya nyuma alipita Saigon na Kiều Chinh akamhoji kwenye kipindi chake. Hedren akamtumia tiketi, akamkaribisha kwake California. (Huyu mama alikuwa akifuga simba nyumbani, kwa hiari yake! Huku kwetu tukisikia simba kijijini tunafunga milango. Na ndiye huyohuyo aliyempeleka mtaalamu wake wa kucha kambini karibu na Sacramento akawafundishe wakimbizi wa kike wa Kivietnam. Wale mabinti wanaokupaka rangi kucha huko Toronto, waulize, huenda wakakusimulia.)

Nimeikalia habari hiyo ya simu kwa sababu wewe una tabia ya baba yako: mnaona haya kuomba. Ulifika Toronto na namba ya yule mwalimu wa tamthilia aliyekufundisha kambini, naye sasa yuko hukohuko Canada, na mama yako aliniambia hujampigia hadi leo. Mpigie.

Turudi kwenye nafasi yenyewe. Mwaka 1977 Kiều Chinh aliingia kwenye televisheni ya Marekani kwa mlango uliokuwa unatazamwa na nchi nzima. Ilikuwa tamthilia ya M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea. Alan Alda, aliyekuwa anaigiza kama daktari Hawkeye, aliandika kipindi kimoja na kukiongoza mwenyewe, nacho kikahitaji mwanamke wa Kikorea. Wakampa Mvietnam. Hapo wewe ungeanza: kwani sisi wote sura moja? Na ungekuwa sahihi. Hollywood ya wakati ule ilikuwa hivyo, Mkorea, Mchina, Mvietnam, kwao kapu moja, na miaka mingi iliyofuata walimpa vipande vidogo vidogo ambavyo vilikuwa chini ya uwezo wake. Sitaipamba dhuluma hiyo. Mtu aliyewahi kumiliki kampuni ya filamu kupewa nafasi ya mwanakijiji anayepita nyuma ya askari ni aibu, na aibu hiyo ni ya aliyeigawa.

Lakini tazama mwanamke aliyeandikwa katika kipindi kile. Alikuwa mtu wa ukoo bora, amesoma, ana nyumba, ana mama mgonjwa wa kumuuguza, ana watu wanaomtegemea wakati mali inaisha. Hawkeye anampenda akiwa mtu mwenye msimamo wake, wala hampendi kwa kumhurumia. Mwishoni mwanamke anaaga na kuondoka na watu wake, kwa sababu vita haviwaachii pa kukaa. Nani angeweza kuigiza kuaga kule kuliko binti aliyeachwa uwanja wa ndege wa Hanoi? Hakuwa Mkorea, lakini kile kilichohitajika pale alikuwa nacho tangu ana miaka kumi na sita.

Kwa hiyo usiniulize kama nafasi ni ya mkimbizi au si ya mkimbizi. Niambie yule mama kwenye kurasa ulizopewa ana nini zaidi ya machozi. Ana jina? Alikuwa anauza nini kabla ya vita? Kuna mtu anayemkera? Anamdai mtu? Mimi nilipokuwa kambini nilikuwa na ugomvi wa ndoo na jirani uliochukua akili yangu kuliko vita vyote vya Kivu. Wakimbizi wana maisha, na wewe unayajua. Kama kwenye kurasa hayamo, mfuate mwandishi kwa adabu umwombe ayaweke, hata sentensi moja. Akikataa, hapo kataa na wewe. Nitakuunga mkono, na baba yako nitamnyamazisha mimi.

Kiều Chinh alingoja miaka kumi na sita toka M*A*S*H hadi akapata nafasi inayomtosha. Katikati hapo hakukaa bure akisubiri kupigiwa. Alifanya kazi ya kuhudumia wakimbizi wenzake waliokuwa wanamiminika California, na akaendelea kuchukua kazi za televisheni zilipojitokeza. Kisha mwaka 1993 Wayne Wang akatengeneza The Joy Luck Club kutokana na riwaya ya Amy Tan. Kiều Chinh ni Suyuan, mama wa Kichina ambaye katika kukimbia vita aliwaacha mapacha wake wachanga kando ya barabara kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeishiwa nguvu. Anawalaza chini ya mti pamoja na vitu vya thamani alivyobaki navyo, ili atakayewaokota awe na cha kuwalelea. Anaondoka. Anageuka. Anaondoka tena. Hasemi kitu, na hapigi kelele. Sehemu ile niliitazama hapa sebuleni na mama yako, na mama yako alitoka nje.

Lakini mimi iliyonikaa zaidi ni ile ya kaa, kule Marekani, miaka mingi baadaye. Familia mbili zinakula, sahani ya kaa inazunguka, kila mtu anachukua aliye mnene. Binti wa Suyuan anachukua yule duni aliyebaki. Hakuna anayeona, ila mama. Baadaye, jikoni, binti akiwa amevunjika moyo kwa kuwa anadhani yeye ni hasara kwa mama yake, Suyuan anamjulisha kwamba alimwona, na kwamba kuchukua duni wakati wengine wanagombea bora ni tabia ambayo haifundishiki. Tazama uso wa Kiều Chinh pale. Hana machozi ya kumwaga. Anasema kama mtu anayemaliza kuosha vyombo. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka uisome, mwanangu, maana wewe ukiigiza unalia mapema mno. Tangu michezo ya kambini nilikuwa nakuambia.

Mwaka huohuo wa 1993 aliungana na Lewis Puller, askari wa zamani aliyepoteza miguu yake Vietnam, na mwandishi wa habari Terry Anderson, wakaanzisha mfuko wa kujenga shule Vietnam. Shabaha yao ilikuwa shule zitakazochukua watoto wengi kama majina ya Wamarekani waliokufa vitani, elfu hamsini na nane na zaidi. Mwaka 1995 alirudi Hanoi baada ya miaka 41, akamkuta kaka yake na kaburi la baba. Nalitaja hili haraka kwa sababu sitaki uanze kuota kurudi kwetu Uvira kwa kishindo. Yake hayo.

Mwaka 2024, akiwa na miaka 86, alitokea tena kwenye televisheni katika The Sympathizer, iliyotokana na riwaya ya Viet Thanh Nguyen, ambaye naye alifika Marekani mtoto wa wakimbizi wa 1975. Safari hii Mvietnam anaigiza Mvietnam, katika kisa kilichoandikwa na Mvietnam, na sehemu kubwa ya maneno ni kwa lugha yao. Kwenye televisheni ilichukua karibu miaka hamsini. Sisemi na wewe ungoje hamsini. Ninyi wa Nyarugusu mko wengi huko na mnajua kuandika. Yule rafiki yako wa Hamilton anayeandika hadithi kwenye simu, mwambie aandike mchezo wenye wewe ndani, akuandikie mama anayegombania ndoo.

Mambo ya mwisho ni ya vitendo. Kazi ya hoteli usiiache kwa ajili ya siku tatu nne za kurekodi. Mkataba usiuwekee sahihi kabla hujaupeleka kwa mtu wa ACTRA, chama cha waigizaji huko, akueleze unalipwaje na kipindi kikirudiwa unapata nini. Kurasa zenyewe zipige picha unitumie. Kiingereza changu kinatosha.

Na ukikubali, suala la mtoto mgongoni lisimamie mwenyewe, usimwachie fundi wa mavazi. Kitenge kinazungushwa chini ya makwapa na kukazwa juu ya kifua. Kwenye filamu moja niliona wamekifunga begani kama mfuko wa shule. Mtoto wa namna hiyo mama akianza kukimbia anaanguka.

Baba yako anakusalimu. Anauliza mtoto atakuwa wa kweli au mwanasesere.

Ni mimi shangazi yako