Mizani ya Salem

Naandika nikiwa bado na uchungu.

Jumamosi tulikuwa watu wanne kwenye mashua ya rafiki yetu, tumetoka Boston tunaelekea Maine. Ukungu ukatushukia, hata mlingoti wetu wenyewe tukauona kwa taabu. Tukatia nanga Salem. Wenzangu wakaenda kwenye habari za wachawi, maana mji huu unajulikana kwa kesi za 1692. Mimi nikashika njia ya gati la Derby.

Forodha yao ya 1819 ingali imesimama. Nyuma yake kuna kibanda cha 1829 kilichojengwa kutunza mizani tu, na mizani yenyewe imo, mihimili mirefu ya kupimia shehena. Miaka karibu mia mbili! Nilikaa pale mpaka viatu vyangu vilivyolowa vikaanza kukauka.

Meli za mji huu zilikuwa zikija Unguja. Zilichukua pembe, ngozi na sandarusi, zikatuachia nguo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, kila kitambaa cheupe kisichotiwa rangi alikiita marekani, nami utotoni sikujiuliza kwa nini. Kumbe ni pamba ya viwanda vya huku huku Massachusetts. Konsuli wa kwanza wa Marekani kuishi Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Katika madaftari yao waliandika frasila, neno letu, kwa herufi zao.

Jumba la Peabody Essex nalo lilianzia kwenye chama cha manahodha cha 1799, waliotakiwa kurudi na vitu vya walikofika. Wametunza, siwanyimi haki yao. Lakini kote nilikopita sikuona jina la hamali hata mmoja, wala la Mzaramo aliyeichimba sandarusi ile kule Mrima.

Na sisi? Forodhani tunakwenda kula urojo. Jina limebaki, forodha hakuna anayeiuliza. Ukigeuza shingo unaiona Beit al-Ajaib, na kila mtu anajua alikuwa wapi ile Desemba 25, 2020, sehemu yake ilipoporomoka. Mimi nilikuwa jikoni huku ugenini, simu mkononi, nalia.

Babu alikuwa mpimaji wa karafuu. Mizani yake ilikaa ukumbini miaka yote, sisi watoto tukipimana uzito, mpaka mjomba akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyemkataza, nami nilikuwepo.

Usiku, mashua ikiyumba, nilimpigia mama.

"Mama, ile mizani ya babu, hakikubaki chochote?"

"Jiwe lake moja lipo, mwanangu. Tunazuilia mlango wa uani, upepo wa kusi usiubamize."

Nikamwomba aliingize ndani, aliweke kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

"Na mlango je?" akauliza.