Saa Zisizoonekana Kwenye Bili

Nilizaliwa Tanga, nikasoma, nikaolewa, nikahamia Marekani. Hayo wengi wanayo. Kilichokula umri wangu ni misimbo ya bili za uzazi, na hata baada ya kustaafu sijaiacha hoja moja ambayo mabosi wangu hawakupenda kuisikia: kuanzisha uchungu hakulipwi kama kazi. Kwenye CPT, misimbo ya Chama cha Madaktari cha Marekani, 59400 ni mfuko mmoja wa kliniki ya ujauzito, kuzalisha kwa njia ya kawaida na uangalizi wa baadaye. Dripu ya oksitosini, homoni ya kuanzishia uchungu, imo humohumo. Daktari aliyeitwa mama akiwa tayari anasukuma, na yule aliyeisimamia dripu tangu alfajiri, akipandisha kiwango kidogo kidogo huku akifuatilia mapigo ya moyo wa mtoto, bili zao hazitofautiani. Hospitali nayo ina msimbo wake, 3E033VJ, ulioingia na mfumo wa misimbo wa ICD-10 Oktoba 2015. Huo unajua homoni ilipita mshipani; haujui ilipita saa nne au thelathini.

Waliopinga kazi hiyo ilipiwe si wajinga. Walisema ukilipia uchungu wa kuanzishwa, utaanzishwa ovyo. Lakini waliojifungua kwa kuanzishiwa walikuwa asilimia 9.5 mwaka 1990, wakapita 31 mwaka 2020, na mfuko ulikuwepo muda wote huo. Mfuko haukuzuia kitu. Tena una kishawishi chake: 59510, wa upasuaji, umepewa thamani kubwa kuliko 59400, kwa hiyo anayesubiri hapati ziada. Sisemi madaktari hupasua kwa ajili ya fedha. Nasema tusijidai bili ya sasa haina upande. Mimi nisingelipia dawa, ningelipia saa za kukaa na mama. Wengine watanikumbusha alama ya 22, ya kazi iliyozidi kawaida. Ipo, ila inadai ushahidi, na ushahidi ndio huo usioandikwa.

Basi ninyi vijana mlioshika viti vyetu, acheni kufunga faili kwa kunakili neno moja la daktari. Muulizeni uchungu ulianzishwa kwa sababu gani, dripu ilifunguliwa saa ngapi, na kama mama alikuwa ameshaanza kuumwa mwenyewe. Maana kama alikuwa ameshaanza, dripu iliongeza uchungu tu, haikuuanzisha. Akikasirika, muulizeni tena.