Baada ya Kukabidhi Funguo

Muheza, 3 Julai 2023

Ijumaa nilikabidhi ofisi ya mkuu wa shule: mhuri, funguo, daftari la vifaa, kitabu cha wageni. Miaka 60 imetimia, na hapo utumishi wa umma hauna mjadala. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikapiga pasi kitenge, ndipo nikakumbuka sina pa kuwahi.

5 Julai

Sokoni kila hatua ni "Shikamoo, Mkuu." Naitikia, na kulipenda kwangu jina hilo kunanitia hofu. Mkuu hacheki kwa sauti mbele ya wazazi. Mkuu hakai barazani kwa watu. Mkuu aliacha kwaya kwa sababu ya vikao vya Jumamosi. Nimeishi ndani yake mpaka nikadhani ndiye mimi. Namheshimu, aliilinda shule. Lakini sitaki kuzeeka naye.

11 Julai

Namuwaza Nyerere. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu kwa ajili ya TANU. Mwaka 1985 akaacha urais, 1990 uenyekiti wa CCM. Akarudi Butiama kulima. Vyeo vyote aliviacha, ila hadi anafariki 1999 watu walimwita Mwalimu. Wengi husema ni heshima tu. Mimi naona zaidi ya hapo. Akiwa madarakani alimtafsiri Shakespeare. Alipostaafu akazitia Injili katika utenzi. Nani alimtuma? Basi nami najiuliza: bila ratiba wala mkaguzi, mkono wangu utashika nini?

16 Julai

Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, kaja na daftari. Kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Zamani ningemrudisha kwa mwalimu wake wa hesabu. Leo tumeketi mkekani, tukakata chungwa vipande sita. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili. Akahesabu, akarudia, kisha akapaza sauti: "Bibi, vitano! Vitano kati ya sita!" Nikacheka mpaka mama yake akachungulia uani.

Kumbe kilichonitoa darasani ni ofisi, wala si kustaafu. Nilipopewa ukuu watu walinipongeza, nami nikafurahi, na chaki ikaenda hivyo hivyo bila mtu kuiaga.

Kesho mtoto yule atamleta dada yake. Yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, na asilimia zinamsumbua.