Landrova Kuukuu ya Njia ya Mgeta



Mtu atokaye Morogoro kwa barabara ya Iringa, akifika Sangasanga karibu na Mzumbe, huiacha barabara kuu na kushika njia ya kushoto iendayo milimani. Mwanzoni njia ni tambarare, nayo hupita Mlali penye mashamba ya nyanya. Kisha milima ya Uluguru husimama mbele yake kama ukuta, na njia huanza kupanda. Mkono mmoja ni ubavu wa mlima, mkono wa pili ni bonde. Huko chini mto Mgeta waenda zake kuungana na Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata na watu wa Dar es Salaam. Kadiri upandavyo baridi huzidi, na mashamba huonekana yamekatwa ngazi ngazi mlimani: kabichi, njegere, viazi na karoti. Ukifika gulio la Nyandira utaona mazao hayo yamelundikwa yakingoja gari.

Huku kwetu hakuna reli. Kabichi ikikosa gari ni chakula cha mbuzi. Ndiyo sababu nataka kuwasimulia habari za gari moja kuukuu, Landrova ya mjomba wangu, ambayo mimi ndimi dereva wake.

Ukoo wa gari hili ni wa zamani. Landrova ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu, na chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Ndiyo maana hata leo bodi ya Landrova kuukuu hung’aa ukiisugua, wala haili kutu. Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Yetu ni ya miaka ya 1960, ile ndefu iitwayo 109, maana kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109.

Mjomba aliikuta Mlali nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Kuku walikuwa wakilalia mayai kwenye kiti cha dereva. Mimi nilipoiona bodi yake ni nzima nilifurahi, nikasema, “Mjomba, hili ni la kuosha tu.” Yeye alimleta fundi mzee, naye hakuitazama bodi hata kidogo. Alijilaza chini na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi hapa na pale, huku akisikiliza kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Palipo pazima palilia kama kengele. Palipooza palijibu kwa sauti ya debe. Kumbe bodi ni alumini, lakini chesisi ni chuma, na kutu huanzia ndani yake, mahali pasipoonekana. Bwana wetu aliwaonya wale waoshao kikombe kwa nje tu. Siku ile nililielewa onyo lile.

Mjomba aliuza mbuzi sita, na kazi ikaendelea miezi kumi na moja. Tulikata chesisi mahali palipooza tukaunga vyuma vipya vinene. Springi tuliziongezea bati moja moja. Injini ilikuwa imeshikamana kwa kukaa. Fundi alifungua plagi, akamimina mafuta ya taa kidogo katika kila silinda, akaiacha juma zima. Kisha alitia hendeli mbele ya gari akaizungusha polepole mpaka ikakubali. Alinifundisha pia jinsi ya kuishika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke. Injini ikipiga kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu, na waliosahau neno hili wamevunjika mikono.

Siku ilipowaka, watoto walikimbia, na kuku wa mzee yule wakaruka mpaka juu ya paa.

Tangu hapo gari hili hushuka na kupanda karibu kila siku. Kando ya mkono wa gia kuna vifundo viwili. Kile cha njano ukikigandamiza, magurudumu ya mbele nayo huvuta, gari likitembea kwa mwendo wa kawaida. Kile chekundu ukikivuta nyuma, magurudumu yote manne huvuta kwa nguvu kubwa na mwendo mdogo sana. Wageni hudhani chekundu ni cha kupandia tu. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kushukia, maana injini yenyewe hulizuia gari, na breki hupumzika. Dereva anayeshuka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote huzichemsha, mwisho hukanyaga na gari lisisimame.

Kila alfajiri, kabla kengele ya Malaika wa Bwana haijalia, Mjomba hutoka na tochi. Hutazama maji ya rejeta, oili, mafuta ya breki na nati za magurudumu. Kisha huinama na kumulika chini ya gari. Madereva hutania kwamba Landrova isiyodondosha oili imeishiwa oili, nasi ya kwetu hudondosha kama zote. Lakini Mjomba hujua kutofautisha tone na tone. Oili ya injini ni nzito na nyeusi. Mafuta ya breki ni mepesi, nayo hubabua rangi. Mbele ya usukani tumebandika medali ya Mtakatifu Kristofa, ila Mjomba husema mtakatifu huyo hatashuka mbinguni kuja kukaza nati.

Sasa nitawaambia jambo lililonifanya niandike.

Ilikuwa masika, siku ya gulio. Gari lilikuwa limekwisha kujaa magunia ya njegere, na akina mama kumi wamekaa juu yake. Magunia mawili yalikuwa yangu mwenyewe, nami nilikwisha kuyahesabia karo ya mtoto. Mjomba aliinama na tochi yake, akakawia. Alipoinuka alikuwa anasugua kidole na kidole.

“Leo hatushuki,” alisema. “Gurudumu la nyuma la kushoto linavuja breki.”

“Mjomba, watu wamekwisha kupakia. Njegere hizi kesho zitakuwa za njano.”

“Nimeziona, mpwa wangu.”

“Nitashuka kwa kifundo chekundu, polepole. Na breki ya mkono ipo.”

“Breki ya mkono inashika wapi?” aliniuliza.

Sikujibu, maana nilijua. Katika gari hili breki ya mkono haishiki magurudumu; hushika shafti itokayo kwenye gia boksi. Ni ya kulishikilia gari lililokwisha kusimama. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haifai kitu, na gari laweza kuondoka, usipozuia magurudumu mengine kwa mawe.

Mama mmoja alisema kutoka juu ya magunia, “Baba, tia maji ya sabuni humo, tushuke. Wenzako hutia.”

“Mama, sabuni ni ya kufulia,” Mjomba alijibu. Akaweka ufunguo katika mfuko wa koti, akaanza kuwarudishia watu nauli zao.

Loo, tulisemwa siku ile! Baadaye lilipita gari jingine, likachukua watu wote na nusu ya mizigo. Nami niwe mkweli, wasomaji: gari lile lilifika salama. Wale mama waliuza njegere zao kwa bei nzuri, wakarudi jioni wakiimba, na walipopita mlangoni kwetu waliimba kwa nguvu zaidi. Mizigo iliyobaki Mjomba aliinunua kwa fedha yake. Tulikula njegere mpaka watoto wakazichukia. Mimi nilikasirika siku nzima, nikimwona mzee ni mwoga.

Kesho yake tulifungua dramu la gurudumu lile. Breki zake zilikuwa zimelowa, na ndani ya silinda yake ndogo raba ilikuwa imechanika zaidi ya nusu. Katika gari la namna hii magurudumu yote manne hunywa mafuta ya breki kwa bomba moja. Raba moja ikikatika kabisa, mguu huzama mpaka chini, na breki zote nne hufa pamoja. Mjomba alinipa raba ile mkononi. Hakusema neno, nami sikuwa na la kusema. Karo niliikopa.

Majuma matatu baadaye, usiku wa mvua, tulisikia hodi. Alikuwa mama yule wa maji ya sabuni, amembeba mtoto wake mwenye degedege. Kwao ni mbali na kwetu, na njiani alikuwa ameipita nyumba ya mwenye gari jingine. Nilipokuwa navaa viatu nilimwuliza, “Mama, mbona hukugonga pale karibu?”

Akasema, “Ninyi ndio mliokataa siku ile. Mkisema gari linakwenda, linakwenda.”

Mjomba alichukua tochi akainama chini ya gari kama kawaida yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Yule mama alisimama amemfunika mtoto kwa khanga, wala hakumharakisha. Alingoja mpaka mzee akainuka na kusema, “Haya, twende.”

Tulishuka kwa kifundo chekundu, njia yote ni tope, taa zetu haziangazi zaidi ya hatua chache. Pale penye kona kali yule mama alikuwa akisali Rozari kwa sauti ndogo, nasi tukaitikia. Tulifika hospitali Morogoro kabla ya mapambazuko, na mtoto akapona. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limetoka, na milima yote tuliyoishukia gizani ilikuwa mbele yetu, ya kijani, imeoshwa na mvua.

Ndugu msomaji, labda wewe huna gari. Labda una baiskeli ya kumpelekea mgonjwa dawa, au mtumbwi wa kuvushia watoto wa shule. Kitu kikiwa kikuukuu si kosa lake, na kukitunza si kazi ya matajiri peke yao. Tochi na kuinama havina bei kubwa. Lililo gumu ni kusema “leo hatushuki” mbele ya watu waliokwisha kupakia. Anayeweza kulisema neno hilo, siku ya shida watu watakuja kumgongea mlango usiku.

Mjomba amezeeka sasa, magoti hayamruhusu kuinama. Tochi amenipa mimi.