Kijani cha Nini?

Turmalini hutambulika hata gizani. Fuwele yake ikikatwa kwa upana huonyesha pembetatu yenye pande zilizovimba, na ubavuni ina mifereji myembamba inayokwenda kwa urefu, toka ncha hadi ncha. Pitisha ukucha, utaihisi. Haya nimeyasoma katika shahada ya uzamili ya jiolojia, lakini aliyenifundisha kwanza ni mama, dalali wa vito Arusha tangu kabla sijazaliwa.

Presha ya macho imemnyang'anya mama nuru kidogo kidogo. Sasa anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Wachimbaji bado wanamletea mawe kwa sababu hapunji mtu. Analipokea jiwe kiganjani, analigeuza, anasema, "Hii turmalini." Ila vidole havisomi rangi, na kwenye turmalini rangi ndiyo bei.

Jiwe hili lina boroni na silika, na katika mpangilio wake wa ndani zipo nafasi zinazokubali wageni wengi. Chuma kikizidi, linakuwa jeusi, la bei ya chini kabisa. Manganisi huleta waridi na nyekundu. Kromi na vanadi huleta kijani kile cha Landanai, kule Simanjiro. Shaba ndiyo iliyoipa turmalini ya Paraíba, Brazili, buluu yake kali. Zote zikipashwa moto hupata umeme. Waholanzi wa zamani walizitumia kuvuta majivu kwenye viko vyao. Mkononi mwa mama, zote ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo nikiwa likizo, macho ni yangu.

Desemba iliyopita kijana mmoja alileta fuwele kutoka Msumbiji, urefu wa kidole cha mwisho.

"Rangi?" mama aliuliza.

"Kijani na waridi."

"Kijani cha nini?"

Nilianza kueleza habari za chuma, akanikatiza. Alitaka kitu anachokikumbuka. Nikashukuru kwamba Kiswahili kinazitoa rangi kwenye vitu: kijani ni majani, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu.

"Cha jani la mgomba linapoanza kufunguka. Na waridi ni ya ndani ya pera lililoiva."

"Zinachanganyika?"

"Hapana, mama. Zinaachana kama palipopita wembe."

Mpaka huo ni historia. Fuwele ilikuwa inakua ndani ya mwamba, ikilishwa na majimaji ya moto. Majimaji yalipobadilika, rangi nayo ikabadilika, na jiwe likaendelea kukua bila kufuta lililotangulia.

"Umelitazama kwa urefu?"

Nililigeuza. Kwa urefu lilikuwa zito, karibu giza. Kwa ubavu liling'aa. Turmalini ndivyo ilivyo: humeza mwanga zaidi ukipita kwa urefu. Na hapo ubavuni, penye mpaka wa rangi, niliona ufa. Ulikuwa ndani kabisa, mwembamba kama unywele. Kijana aliona nimeuona. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

Mnunuzi alikuwa anasubiri kwenye simu. Alitaka jiwe likatwe mpakani, yapatikane mawili ya rangi moja moja, kwani hayo huuzika haraka. Fedha angetuma siku hiyo hiyo. Chupa ya dawa ya macho ya mama ilikuwa imebaki matone machache, na sote wawili tulijua.

"Kuna ufa, mama. Upo mpakani."

Kijana alivuta pumzi kwa nguvu. Mama alilishika jiwe, akapitisha ukucha pole pole pande zote tatu. Hakuupata, ufa ulikuwa haujafika juu.

"Msumeno ukigusa hapo, mwanangu," alimwambia kijana, "utaondoka na vipande. Liuze zima, kwa bei yake."

Kisha akaichukua simu. "Lina ufa," alimwambia mnunuzi. "Binti yangu ameuona."